Kijana mwenye usonji pia aweza kazi ya kiwanda

Mzazi mpenzi, huenda una kijana wa miaka 20 na ushei aliyemaliza shule ya wenye mahitaji maalumu, na tangu siku hiyo hujui umpeleke wapi. Anashinda nyumbani. Majirani wamekwisha kukata kauli kwamba hawezi lolote, nawe umeanza kuwaamini. Lakini jiulize: siku utakapokuwa haupo, atakula nini?

Wengi hudhani kiwanda hakimfai mtu mwenye usonji au anayejifunza polepole. Si kweli. Mwaka 1972, Marc Gold, mtaalamu wa elimu kutoka Illinois, Marekani, alichapisha matokeo ya kazi yake na watu wazima 64 wenye ulemavu wa akili. Aliwafundisha kuunganisha breki ya baiskeli yenye sehemu 15, na karibu wote walifaulu. Baadhi walipewa sehemu zilizopakwa rangi upande unaopaswa kumwelekea mfanyakazi, nao walijifunza upesi zaidi. Imani ya Gold ilikuwa kwamba mwanafunzi akishindwa, ni mwalimu anayepaswa kutafuta njia nyingine.

Siri ni kuikata kazi vipande vipande. Haba na haba hujaza kibaba. Chukua kazi ya kupakia sabuni. Kwako ni kazi moja, lakini kwa anayejifunza ni nyingi: kufungua katoni, kubandika utepe chini, kupanga miche 10 safu ya kwanza, kisha ya pili, kufunga, kuweka kando. Mfundishe hatua moja hadi aizoee, ndipo uongeze nyingine. Piga picha ya kila hatua uibandike mbele yake. Usimwambie, "Panga vizuri." Mwambie, "Weka miche 10." Unaweza kuanza leo hapo nyumbani.

Akipata kazi, msimamizi naye aelezwe mambo machache. Maagizo yatoke kwa mtu mmoja. Zamu ikibadilishwa, aambiwe mapema. Kelele zikimsumbua, apewe vizibo vya masikio, na awe na mahali tulivu pa kupumzikia. Ikiwa ana kifafa, usifiche! Mwajiri lazima ajue ili asimweke kwenye mashine za kukata.

Hatusemi kwamba kila kijana atakipenda kiwanda. Kuna asiyestahimili mngurumo hata akizibwa masikio, na huyo atafutiwe kazi nyingine. Lakini wapo wanaopenda kurudia jambo lile lile kwa utaratibu ule ule, na ambao huona kasoro ndogo ambayo wewe na mimi tungeipita. Kwa mwenye kiwanda, huyo ni mfanyakazi wa maana.

Hapa kwetu, anza kwa kumpeleka hospitalini apimwe, kisha umwandikishe katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Halafu uliza kuhusu mitihani ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA. Mitihani hiyo huwapa hata waliojifunzia kazi mikononi nafasi ya kupata cheti, kuanzia Gredi ya 3. Jua pia kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa ajili ya wenye ulemavu. Kwa hivyo ukibisha lango la kiwanda, huendi kuomba sadaka.

Tahadhari moja tu. Mafunzo yasiwe kisingizio cha kumtumikisha bure mwaka baada ya mwaka. Uliza mapema: mafunzo yataisha lini, na mshahara utaanza lini? Kijana wako akifanya kazi sawa na wenzake, alipwe sawa nao.

Haya, tukutane Jumapili ijayo.