Kabla Hujalipia Kozi ya Mtandaoni

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukitoka kanisani, mama mmoja alinivuta kando akanionyesha simu yake. Palikuwa na tangazo la kozi ya mtandaoni ya malezi ya watoto wachanga: wiki sita, cheti chenye nembo ya dhahabu, na ada inayolingana na karo ya muhula mzima ya binti yake. Anataka kufungua kituo cha kulelea watoto, na baba watoto amekwisha kukubali kuuza mbuzi wawili. "Dada muuguzi," akaniuliza, "kozi hii ni nzuri?"

Sikumjibu papo hapo, maana swali lile lilinigusa mahali panapouma.

Miaka michache iliyopita mimi mwenyewe nilisoma kwa njia ya mtandao namna ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Video zilikuwa safi, mwalimu alizungumza kwa upole, na katika mtihani wa kuchagua jibu sahihi nikapata alama 96. Cheti nikakitundika sebuleni. Wiki tatu baadaye, zamu ya usiku, akazaliwa mtoto wa kiume, kimya, amelegea kama kitambaa. Kila hatua niliijua kwa jina lake. Lakini barakoa ya kupulizia hewa haikukaa sawasawa usoni, hewa ikawa inavujia pembeni, kifua hakiinuki, na mikono yangu ikaanza kutetemeka. Muuguzi mwenzangu, ambaye cheti kile hakuwa nacho, akaichukua, akarekebisha kichwa cha mtoto, akabonyeza mfuko wa hewa. Mtoto akalia. Mama yake, asiyejua lolote, akanishukuru mimi.

Kozi ile haikuwa ya uongo. Kila ilichosema kilikuwa kweli. Kasoro yake ni kwamba ilinipima katika kile kilicho rahisi kupimwa, yaani kuchagua jibu, na kazi yenyewe ni ya mikono.

Mwaka 1959 Mmarekani mmoja aitwaye Donald Kirkpatrick alieleza kwamba mafunzo hupimwa kwa ngazi nne. Je, wanafunzi waliyapenda? Je, walijifunza kitu? Je, waliporudi kazini walitenda tofauti? Na je, matokeo yake yalikuwa nini? Kozi nyingi za simuni huishia ngazi ya kwanza: unabonyeza nyota tano, mambo yamekwisha.

Usidhani ni jambo la mtandao peke yake. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, ana kwa ana, kwa mdoli wa mazoezi. Taarifa iliyotolewa mwaka 2013 ilionyesha kwamba miezi kadhaa baadaye walifanya vizuri zaidi kwa mdoli, lakini kwa watoto halisi utendaji haukubadilika. Ndipo yakaongezwa mazoezi ya dakika chache kila wiki, palepale kazini. Taarifa ya 2015 ikasema vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Hebu fikiri: kama siku nzima na mdoli haikutosha, video peke yake itafanya nini?

Basi nikamwambia yule mama awaulize wenye kozi swali moja kabla ya mbuzi kuondoka zizini: nikimaliza nitaweza kufanya nini, na ninyi mtajuaje kwamba naweza? Wakijibu kwa kutaja idadi ya video, ashike fedha yake. Aulize pia nani atakayesahihisha kazi yake, na kama cheti kinatambuliwa na wale watakaompa kibali cha kituo. Na aombe somo moja la kuonja. Hata vitenge tunavigusa kabla ya kununua!

Nisiwe mwepesi wa kuhukumu, maana nasi katika umoja wa akina mama tulijaribu kutengeneza masomo mafupi ya simu kuhusu dalili za hatari kwa mtoto mchanga. Somo la kupumua lilisema: hesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima akiwa ametulia, zikifika 60 au zaidi, hesabu tena, na zikiwa bado hivyo mpeleke kituo cha afya mara moja. Mwishoni tuliandika, "Je, umeelewa?" Wote wakajibu ndiyo, nasi tukafurahi.

Kisha nikakaa na mama watano mmoja mmoja, nikanyamaza, nikawatazama wakisoma. Wa kwanza alipofungua saa ya simu ili ahesabu, somo likajifunga. Aliporudi, video ikaanza upya, ikala bando lake. Wa pili akahesabu kwa nusu dakika, akapata 34, akasema mtoto ni mzima. Nilishtuka.

Tukaiondoa video, tukaweka sauti na picha mbili, na saa ndani ya somo lenyewe. Lile swali la mwisho tukalifuta. Sasa tunaonyesha kifua cha mtoto kikipanda na kushuka, mama anahesabu, anaandika namba, kisha anasema atafanya nini. Kipande hicho ni kifupi, hakimalizi bando. Baada ya mwezi nikawarudia wote watano nyumbani, bila taarifa. Wanne walihesabu dakika nzima. Wa tano alikuwa shambani, nitampitia Jumamosi.

Yule mama wa mbuzi ameuliza swali lake. Wamemjibu kwa kumtumia tena picha ya cheti.