Hawaogopi Jipya: Majibu kwa Wanaotaka Bao Lihamwe

Hoja mmeshazisikia. Hapa Pemba zinasemwa Wete, zinasemwa Chake Chake na Mkoani, na kila msimu wa karafuu ukimalizika na watu wakarudi barazani, huanza upya. Wakati wa bao la Kiswahili umepita, wanasema; wanaoling'ang'ania wahamie kwenye bao jepesi, au drafti, au dhumna, au programu ya simu. Wasemaji hawa si wajinga, na ndani ya baadhi ya maneno yao mna haki. Kwa hiyo nitazichukua hoja zao moja moja, nizieleze kama wanavyozieleza wenyewe, kisha nyinyi wasomaji muamue.

Wanaanza na woga. Wacheza bao, aghlabu watu wazima, wanaogopa kitu kipya. Mtu akishazoea lake, hata umletee lililo bora hatolipokea. Ingekuwa hivyo, woga huo ungelionekana katika mambo yao mengine. Hauonekani. Mzee anayekataa kuliacha bao hupokea fedha kwa simu, na usiku hubishana na wajukuu zake juu ya mpira wa Uingereza. Tena hucheza dhumna, na keram akiikuta hucheza. Michezo yote miwili ilitoka nje, ikafika mwambao huu, ikapewa nafasi barazani bila ugomvi. Kuongeza mchezo hakujakataliwa na mtu. Kinachokataliwa ni sharti kwamba huu usiingie mpaka ule utoke. Mleta hoja ameyafanya mambo haya mawili kuwa jambo moja, na ukimtenganishia, hoja yake haina tena pa kusimama.

Hoja ya pili ndiyo inayorudiwa zaidi, nayo inastahili kusikilizwa mpaka mwisho. Bao la Kiswahili, wanasema, lina kanuni nyingi mno: namua na mtaji, nyumba, kichwa, kimbi, kutakasa. Kijana hukimbia kabla hajaelewa. Na bao la kujifunza lipo: unatia kete mbili katika kila shimo, mashimo yote 32, mnaanza. Bao ni lilelile, komwe, yaani kete zake, ni zilezile. Kwa nini hilo lisiwe ndilo bao la watu wote?

Ni kweli bao la kujifunza lina kazi yake; hakuna mwalimu wa bao anayelidharau. Lakini tazameni kinachoondolewa. Katika bao kamili kete ni 64, na kila mchezaji huanza na 10 tu mbele yake: 6 katika shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya kuliani kwake. Zile 22 zilizobaki zinangoja nje ya mashimo. Katika namua, hatua ya kwanza ya mchezo, kila zamu huingiza kete moja, na mahali pa kuiingiza ni uamuzi. Kula ni lazima: ukiweza kula, hukwepi. Kwa hiyo mchezaji hodari humwachia mwenzake kitu kidogo cha kula, si kwa ukarimu, bali ili mkono wake uvutwe upande ambao mwenyewe asingeliuchagua. Kete zilizoliwa huanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, kulia au kushoto, na ukila kwenye kimbi, jirani ya kichwa, huchagui upande, umeshachaguliwa. Na nyumba, maadamu ina kete 6 au zaidi, humpa mwenyewe hiari ya pekee: mkono unapoishia pale bila kula, alale, yaani aishie hapo, au aisafirishe, yaani azigawe kete zake. Akiisafirisha, pengine atakula mfululizo mpaka mbele ya mpinzani pabaki patupu. Pengine atakuwa ametapanya akiba yake yote, na mtaji, yaani hatua ya pili, ukifika hana kitu.

Ondoa namua, na yote hayo yameondoka. Hakuna akiba ya kulinda wala ya kuvizia, hakuna zamu 22 za kujenga na kutega. Wachezaji wawili wanaanzia katikati ya mchezo, na hakuna kati yao aliyepajenga pale walipoanzia. Anayesema bao ni lilelile ameangalia ubao, hakuangalia mchezo.

Hoja hii, zaidi ya hayo, inaipinga ile ya kwanza. Kwanza tuliambiwa watu wanashikilia bao kwa mazoea tu. Sasa tunaambiwa bao ni gumu kiasi cha kuwafukuza wanaotaka kuingia. Mazoea hueleza kwa nini mtu hashughuliki kuacha kilicho rahisi. Hayaelezi kwa nini mtu akae miaka akijifunza kuhesabu kete zitakazozunguka mashimo 16 na kula njiani mara nne kabla hazijalala. Mtu wa namna hiyo akiambiwa aiache namua, hajifichi nyuma ya mazoea. Anapiga hesabu ya anachopoteza, na katika bao jepesi hapati cha kumfidia.

Wala historia ya michezo haisemi kwamba wachezaji huchukia kanuni mpya. Katika sataranji ya zamani, kete inayokaa pembeni mwa mfalme, ambayo leo huitwa malkia, ilikuwa ikisogea hatua moja tu ya mshazari. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Ulaya, ikapewa uwezo wa kwenda mbali, upande wowote, na kanuni hiyo ikaenea kwa kasi. Walioipokea walikuwa na mazoea kama watu wengine. Waliipokea kwa sababu mchezo ulipata makali mapya. Wacheza bao wa Pemba wanaletewa kanuni inayopunguza, kisha wanalaumiwa kwa kuona kwamba inapunguza.

Kuhusu simu, nianze kwa kukubali. Mpemba aliyeko Maskati au London, asiye na wa kucheza naye, programu ya bao inamfaa, na namtakia heri nayo. Lakini hoja yenyewe inakwenda mbali zaidi: inadai kwamba simu ina kila kilichoko barazani, hivyo baraza halihitajiki. Sivyo. Programu hukutembezea kete. Unagusa shimo, yenyewe inagawa, inakula, inaendelea, inalala. Kwenye bao la mti, kazi hiyo huifanya wewe kichwani kabla hujanyanyua kete, na ndiyo kazi inayompambanua bingwa na mtu wa kawaida. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt aliwafuata mabingwa wa Zanzibar kwa ajili ya uwezo huohuo. Tasnifu yake ya mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden inahusu mipaka ya akili ya binadamu, na ushahidi wake ni bao. Kuna pia watazamaji. Barazani, hesabu ikikosewa, kuna sauti tatu za kukuzuia, na anayejifunza hujifunza akiwa amesimama nyuma ya wanaocheza, muda mrefu kabla hajaruhusiwa kukaa. Simu haina wa kusimama nyuma. Na wanaotuambia kanuni za bao kamili huwakimbiza vijana, ndio hao wanaotuambia vijana watavutwa na programu yenye kanuni hizohizo zote. Kauli mbili hizi haziwezi kuwa kweli kwa pamoja.

Wengine huja na suala la sheria. Bao, wanasema, halina kanuni moja. Baraza hili linaamua hivi, lile vile. Drafti ina sheria moja dunia nzima. Hapa kosa liko katika ukweli wenyewe. Drafti ya Kiingereza huchezwa kwa kete 12 kila upande juu ya mraba wa nane kwa nane. Ile ya kimataifa ina kete 20 kila upande juu ya kumi kwa kumi. Ya Kirusi ina lake. Kula kwa kurudi nyuma kunaruhusiwa katika moja, katika nyingine hakuruhusiwi. Kingi wa huku huruka ubao mzima, wa kule huenda hatua moja. Kama tofauti za kanuni ni sababu ya kuhama, basi na wa drafti wahame. Bao, kwa upande wake, limevuka hadi Malawi, ambako mchezo wa karibu nalo kabisa unaitwa bawo, na tofauti ndogo za mahali kwa mahali hazijawazuia watu wawili kuulizana kanuni kabla ya kuanza, kisha wakacheza.

Kwamba bao hupoteza muda wa kazi nitalijibu kwa ufupi. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliliona bao linastahili shairi. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kulipenda. Mzee Karume, rais wa Zanzibar, tarehe 7 Aprili 1972, alipouawa Kisiwandui, alikuwa akicheza bao. Hawa hawakuwa watu wasio na kazi. Na dhumna tunayopewa badala yake huchukua jioni ileile. Walio na hoja nzito kuliko hiyo ni wanaouliza wanawake wako wapi, kwa sababu barazani kweli wanaonekana wanaume. Hilo ni la kurekebishwa, na halirekebishwi kwa kuwahamisha wanaume walewale, kwenye baraza lilelile, kutoka komwe kwenda dhumna.

Imebaki hoja yao bora kuliko zote. Mchezo bila mpinzani si mchezo, wanasema. Wachezaji wanapungua, hameni sasa kwenye michezo yenye watu, msije mkabaki peke yenu. Msingi wa hoja hii ni sahihi kabisa, na ndiyo maana hitimisho lake si sahihi. Mpinzani wa kiwango chako hanunuliwi dukani. Yuko Konde au Ole, mmefungana kwa miaka, unajua anavyoilinda nyumba yake na yeye anajua unavyotega. Ukihama peke yako, unampoteza huyo na kuanza upya kama mgeni kwenye mchezo wa wengine. Kwa hiyo kubaki ni uamuzi wa mtu anayejua thamani ya wapinzani alionao.

Kuwahamisha wachezaji kumeshajaribiwa kwingine, kwa nguvu kubwa zaidi. Uingereza kuna mchezo wa vita wa mezani uitwao Warhammer, wenye majeshi ya vinyago ambavyo wachezaji huvipaka rangi wenyewe. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1983. Mwaka 2015 kampuni inayoumiliki, Games Workshop, iliuondoa sokoni mchezo huo na kuleta mwingine, Age of Sigmar. Age of Sigmar ulipata watu wake, na ni haki kulisema hilo. Lakini si wote wa zamani waliohama. Baadhi waliendelea na vitabu vya zamani, wengine wakajiandikia kanuni zao chini ya jina The Ninth Age. Mwaka 2019 kampuni ikatangaza kwamba ulimwengu ule wa zamani utarudi, na Januari 2024 ukarudi madukani kwa jina la The Old World. Mwenye mali, mwenye viwanda na maduka, alishindwa kuwahamisha wachezaji wake wote.

Bao halina mwenye mali. Komwe zinaota ufukweni, na fundi akikosekana mashimo huchimbwa ardhini. Hakuna wa kuliondoa sokoni. Linaweza kupotea kwa njia moja tu: asiwepo wa kufundisha. Kama tatizo ni vijana, dawa yake inajulikana, nayo haihitaji mtu yeyote kuhama: waanze na bao la kujifunza kwa wiki chache, kisha wafunguliwe namua, na pembeni awepo mtu mzima mwenye subira. Wanaotuambia vijana hawaji, watuambie kwanza ni kijana gani waliyemkalisha mbele ya bao wakamwonyesha nyumba.