Miwani Nimeisahau Nyumbani



Katika kikundi chetu yupo mwenzetu mmoja ambaye kila zamu yake ya kusoma Neno ilipofika, alijibu vile vile: "Miwani nimeisahau nyumbani." Tulichukua Biblia tukampa aliyekaa kando yake. Miaka ikapita. Sote tulijua kwamba hana miwani, na kwamba hajui kusoma. Tukanyamaza, tukijisifu moyoni kuwa tunamsitiri.

Siku moja mwanawe alishikwa na homa. Mama alirudi kutoka zahanati na chupa ya dawa, na jirani anayemsomea siku zote alikuwa amesafiri. Akakisia. Dawa ya kutolewa mara tatu kwa siku, yeye akaitoa mara moja tu, usiku. Mtoto alipozidiwa akarudishwa zahanati, na kwa neema ya Mungu akapona. Mama mwenyewe alitusimulia huku akilia. Ndipo tulipoona aibu yetu: tulichokiita heshima kilikuwa kumwacha mwenzetu gizani.

Wapo wasemao kwamba imani haihitaji shule. Ni kweli, bibi zetu wengi walimpenda Mungu kwa kusikia tu, wala hatuwadharau. Lakini tukumbuke jirani zetu wa Kenya. Huko Ndalat, katika Bonde la Ufa, alikuwapo mkunga mzee, Priscilla Sitienei. Mwaka 2010 alivaa sare ya shule akaingia darasani pamoja na vitukuu vyake, na baadhi ya wanafunzi wenzake aliwazalisha yeye mwenyewe. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake, na kuandika ujuzi wake wa ukunga na dawa za miti ili usipotee. Alifariki Novemba 2022, akiwa na umri wa miaka 99, bado mwanafunzi.

Jina lake latukumbusha Prisila mwingine, yule wa Matendo ya Mitume sura ya 18. Yeye na mumewe Akila walikuwa mafundi wa kushona mahema. Walipomsikia Apolo, msemaji hodari na msomi wa Maandiko, waliona kuna jambo hajalifahamu sawasawa. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza taratibu. Na yule msomi akakubali kufundishwa na mafundi wa mahema!

Hapo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, anayefundisha afundishe kwa upendo, pembeni, bila kelele. Pili, hakuna aliyesoma akamaliza. Sisi tuliofika darasa la saba au kidato cha nne, mara ngapi tumefungua kitabu tangu siku ya mtihani wa mwisho? Vyeti vimelala sandukuni. Wengine wetu hadi leo tunampa mtoto namba ya siri ya simu atutumie pesa, kwa kuwa tunaona haya kumwambia, "Mwanangu, nifundishe." Kuuliza si ujinga. Mtoto akimwona mama yake anajifunza, hahitaji kuhubiriwa sana juu ya faida ya shule.

Basi wawili kati yetu tulianza na yule mwenzetu. Kila Jumamosi, nguo zikishafuliwa, tulikaa mkekani na daftari la bintiye. Hatukuanza na a, e, i, o, u. Tulianza na jina lake, yakafuata majina ya watoto, kisha maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Kuna siku alitupa kalamu akasema kichwa chake kimezeeka. Tulikunywa chai, tukaendelea Jumamosi iliyofuata.

Mama mpendwa, tazama katika kikundi chako. Nani husahau miwani kila wiki? Mwendee peke yake, si mbele ya wenzake. Na kama ni wewe, mtafute mmoja unayemwamini umweleze. Bwana hakumwonea aibu aliyekuja kuketi miguuni pake ajifunze.

Mwezi uliopita zamu ya mwenzetu ilifika tena. Alisoma mistari mitatu, kidole kikifuata kila neno. Ilichukua muda mrefu, wala hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alifuta machozi, akacheka, akasema herufi za Biblia ni ndogo mno kwake.

Sasa tunachanga fedha za kumnunulia miwani.