Sinza Tujenge Jukwaa Letu Kabla Viwanja Havijaisha

Ndugu zangu wakazi wa Sinza, kuanzia Mori hadi Kijiweni, Palestina hadi Makaburini: kumbi za harusi tunazo, baa zenye muziki tunazo. Tunachokosa ni jukwaa la umma, mahali ambapo vijana wa sarakasi, kikundi cha ngoma au watoto wa shule wenye igizo lao wanaweza kuonyesha kazi bila kwanza kutafuta pesa ya kukodi ukumbi. Matokeo yake tunayaona sote. Njia ya mtaa inafungwa, maturubai yanasimamishwa, spika zinanguruma hadi usiku wa manane, mgonjwa wa nyumba ya pili halali.

Sinza haikuota kiholela. Miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja hapa, Kijitonyama na Mikocheni, ikachora barabara na kuweka huduma kabla watu hawajajenga. Mtaa uliopimwa una ramani, na ramani inaonyesha ni eneo lipi ni la makazi na lipi ni la wote. Ninachowaomba kinaanzia hapo: tukaiangalie ramani hiyo, tujue ni maeneo gani ya wazi bado yapo, kisha moja tulitengee sanaa.

Najua mtu akisikia ukumbi wa sanaa anawaza jumba la vioo lililofungwa pande zote, viyoyozi vikiunguruma. Jumba hilo tulikatae mapema. Bili ya umeme itapandisha kodi, kodi itawafukuza wasanii, na baada ya muda mfupi tutakuwa tumejenga ukumbi mwingine wa harusi. Namna tutakavyokabili joto ndiyo itakayoamua nani ataweza kuingia.

Wenzetu wa nchi kavu walishalifikiria hili. Tembe la Wagogo kule Dodoma lina kuta nene na paa la udongo linalozuia jua la mchana, na usiku wa kule una ubaridi wa kulipoza. Huko Laongo, Burkina Faso, msanifu Francis Kéré alibuni kijiji cha opera akitumia udongo wa palepale, na katika kazi zake nyingi paa la bati hunyanyuliwa juu ya dari ili hewa ya moto ipite katikati. Sisi tuko pwani. Februari hata usiku ni joto, hewa imejaa unyevu, na jasho halikauki mpaka upepo upite. Kwa hiyo kwa watu wa nchi kavu tuchukue paa lililonyanyuliwa, kuta nene tuwaachie.

Jukwaa letu liwe paa pana lililonyanyuka, refu kutoka mashariki kwenda magharibi. Pande hizo mbili ziwe na kuta, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni ndilo linaloingia ndani. Kaskazini na kusini pabaki wazi: kaskazi ikivuma ipite, kusi ikija ipite. Chini ya bati iwekwe dari ya mbao, maana mvua ya masika juu ya bati tupu humeza sauti ya mwigizaji. Maji ya paani yaingie kwenye matangi yahudumie vyoo. Watu wakae kwenye mabaraza ya saruji, na miarobaini ipandwe kuzunguka eneo lote. Makuti yanapendeza, lakini katikati ya nyumba zilizobanana hivi moto ni hatari kubwa mno. Ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo wenyewe uliwahi kuungua, mwaka 2002. Majirani nao wapewe haki yao: spika zisielekezwe kwenye nyumba, na saa nne usiku muziki uzimwe.

Vielelezo viko karibu. Nendeni Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama mkaone ngoma ikichezwa uwanjani kati ya nyumba za asili. Nendeni Nafasi, Mikocheni, ambako tangu 2008 wasanii wanafanya kazi ndani ya makontena na maghala.

Sasa kazi ni yetu. Muulize mwenyekiti wa serikali ya mtaa wako tarehe ya mkutano ujao wa wakazi, uende, na uende na jirani. Ombeni ajenda moja: eneo la jukwaa la umma. Maazimio yaandikwe kwenye muhtasari na kupelekwa kwa diwani, ili yafike Halmashauri ya Manispaa ya Ubungo wakati bajeti ikiandaliwa, si Julai ikishaanza kutumika. Mafundi, wasanifu na walimu wa sanaa mnaoishi Sinza, jitoleeni kuchora mchoro wa kwanza. Wenye kumbi na baa, changieni. Wasanii mnaowaajiri ndio watakaofunzwa hapo. Na wewe ambaye hujawahi kukanyaga mkutano wa mtaa, safari hii njoo.