Isangi: simenti ina mlinzi, kompyuta haina

Eneo la Isangi, pale mto Lomami unapoingia mto Congo, ni moja ya maeneo 145 yaliyoahidiwa shule, vituo vya afya na ofisi za serikali. Serikali iliikabidhi programu hiyo kwa PNUD, BCECO na CFEF. Kazi yenyewe hufanywa na kampuni za ujenzi.

Kwenye shantie, simenti hulindwa usiku kucha. Lakini hesabu ya mifuko, picha za kazi na fakture zikikaa katika kompyuta moja bila nakala, kisha zikapelekwa Kisangani kwa flashi iliyopita kila sekretariati ya mji, nani anazilinda?

Mwishoni mwa Januari 2020, Bouygues Construction ya Ufaransa ililazimika kuzima mtandao wake baada ya wahalifu kufunga mafaili yake na kudai pesa. Bouygues ina wataalamu wake. Kampuni ndogo ina kijana anayeitwa kompyuta ikiisha kufa.

Sheria ya numeriki ya Machi 2023 inaadhibu wezi hao, lakini hairudishi fakture iliyopotea. Heri kampuni tatu au nne zichange, zimlipe fundi mmoja kila mwezi: atunze nakala mbali na shantie, ampe kila mtu neno lake la siri. Na muuzaji wa simenti "akibadilisha" akaunti ya benki kwa barua pepe, mhasibu ampigie kwanza kwa namba ya zamani. Simu hiyo ni bei ya uniti chache tu.

Wanaoandika mikataba wanahesabu hadi mabati. Waandike na hilo, kabla malipo hayajaenda kwa mwizi na kituo cha afya kubaki kuta bila paa.