Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Vyumba vya kompyuta vifunguliwe baada ya masomo

Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,

Nakuandikia wewe, na si Waziri wa Elimu wala wa Mawasiliano, kwa sababu jambo ninaloliomba halihitaji mtaala mpya wala mkongo mpya. Linahitaji ufunguo, na ufunguo huo wanao wakuu wa shule walio chini ya ofisi yako. Naomba uziagize halmashauri zote nchini kwamba kila shule ya umma yenye chumba cha kompyuta kinachofanya kazi ikifungue baada ya masomo, Jumamosi na wakati wa likizo. Kifunguliwe kwa wanafunzi wake na kwa vijana wa kata ambao si wanafunzi tena, ili anayetaka kujifunza kuandika programu za kompyuta apate mahali pa kuanzia.

Ombi ni dogo, lakini linagusa kile hasa kinachomkwamisha anayeanza. Tumezoea kudhani kwamba kijana wa Kitanzania hawi mwandishi wa programu kwa kukosa kozi, cheti au mwalimu bingwa. Kozi zipo tele, nyingi za bure, na baadhi unaweza kuzipakua mara moja ukazisoma miezi mingi bila intaneti. Lugha za programu kama Python hazilipiwi hata senti, na kompyuta ya miaka kumi iliyopita inaziendesha bila taabu. Kinachokosekana ni saa za kukaa mbele ya mashine. Uandishi wa programu haufundishiki kwa kusikiliza. Mtu huandika mistari mitano, akaiendesha, ikakataa; akasoma ujumbe wa kosa asiouelewa, akagundua kwamba alisahau kufunga mabano, akayafunga. Programu ikakubali, kisha ikatoa jibu ambalo si sahihi. Anaanza kutafuta upya, na safari hii hakuna ujumbe wa kumsaidia, kwa sababu kompyuta imefanya sawasawa na alivyoiambia na yeye ndiye aliyekosea kufikiri. Hapo ndipo anapojifunza. Zunguko moja la namna hiyo linaweza kula jioni nzima, na anayeanza analihitaji mara nyingi mno kabla akili haijazoea. Sasa lipime kwa ratiba ya shule. Kipindi ni dakika 40. Wanafunzi watatu wakigawana mashine moja, kila mmoja anabaki na dakika 13, zikiwemo za kusubiri iwake. Kengele inalia hata kosa la kwanza hajalifikia.

Historia ya fani hii inaonyesha kwamba walioanza vizuri ni wale waliopata saa hizo. Mwaka 1964, katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, maprofesa wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitunga lugha nyepesi waliyoiita BASIC, na wakasimamia ujenzi wa mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Lugha ndiyo iliyopata umaarufu, lakini kwa maoni yangu uamuzi wao mkubwa ulikuwa mwingine: kompyuta ya chuo iwe wazi kwa kila mwanafunzi, hata yule wa fasihi au historia, kama maktaba ambayo mtu huingia na kuchukua kitabu rafuni bila kuomba kibali. Sehemu kubwa ya mfumo wenyewe waliiandika wanafunzi wa shahada ya kwanza. Miaka minne baadaye, mwaka 1968, chama cha akina mama wa shule ya Lakeside mjini Seattle kilitumia fedha za mauzo ya vitu vilivyotumika kuipatia shule mashine ya kuchapa iliyounganishwa kwa waya wa simu na kompyuta ya mbali, pamoja na muda wa kuitumia. Miongoni mwa watoto walioikimbilia walikuwa Bill Gates, aliyekuwa na miaka 13, na Paul Allen. Fedha za muda zikaisha upesi. Kampuni moja ya kompyuta mjini humo ikawaruhusu watumie mashine yake kwa masharti kwamba watafute hitilafu katika programu zake.

Utasema hao walikuwa Wamarekani, na Lakeside ni shule ya wenye nacho. Ni kweli. Lakini tazama ukubwa wa uhaba wao. Shule ile ilikuwa na kituo kimoja tu cha kuchapia, na kila dakika ililipiwa. Shule yetu ya kata iliyopata mashine kumi ina nguvu za kompyuta ambazo Dartmouth nzima ya mwaka 1964 haikuzifikia hata kwa mbali. Wale hawakuushinda uhaba kwa kusubiri mashine zaidi. Waliushinda kwa kuitumia iliyokuwepo kila saa iliyopatikana.

Sisi tunafanya kinyume. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma. Wahisani nao wametoa, na kuna wazazi waliochanga. Mwaka wa masomo una siku zipatazo 194. Hata kama chumba kingetumika saa sita kila siku ya masomo bila kukosa, zingekuwa saa 1,164 kati ya saa 8,760 za mwaka. Muda mwingine wote mali hiyo ya umma inakaa nyuma ya nondo, ikivuta vumbi, huku betri zake zikifa na programu zake zikipitwa na wakati. Kompyuta huzeeka iwe imewashwa au imezimwa. Tofauti ni kama mtu amejifunza kitu humo kabla haijafa.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la nani aruhusiwe kuingia, kwa sababu naona hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo wengi watakaposita. Mhitimu wa kidato cha nne hufanya mtihani wake Novemba. Matokeo hutoka mwishoni mwa Januari. Akichaguliwa kuendelea, kidato cha tano huanza Julai. Katikati hapo kuna zaidi ya nusu mwaka, na kijana mwenye miaka 17, mwenye akili iliyochangamka na asiye na majukumu ya kumshika, hana pa kwenda. Anayemaliza kidato cha sita Mei naye husubiri chuo hadi Oktoba au Novemba, isipokuwa kama ameitwa Jeshi la Kujenga Taifa. Na ambaye hakuchaguliwa kabisa, muda wake wa kusubiri hauna mwisho. Hawa ndio wenye saa tele za kujifunza, na ndio tunaowafungia mlango siku ileile wanapokabidhi vitabu vya shule. Nchi jirani ya Malawi imetupatia ushahidi. William Kamkwamba aliacha sekondari kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Alikuwa si mwanafunzi tena, lakini maktaba ndogo katika shule ya msingi ya Wimbe haikumkataa. Humo alikuta kitabu kuhusu nishati, na kwa kukisoma akajenga kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao. Angeambiwa kwamba maktaba ni ya wanafunzi walio darasani peke yao, habari yake ingeishia mlangoni.

Kuna hoja za kupinga, na hazitoki kwa watu wabaya. Ya kwanza ni usalama wa mali. Nimeiweka mbele kwa sababu ndiyo sababu halisi ya kufuli. Mkuu wa shule amesaini kwenye leja kwamba amepokea kompyuta kumi. Mkaguzi akija akakuta nane zinafanya kazi, mkuu huyo ataandika maelezo. Akikuta zote kumi zina afya kwa kuwa hazijaguswa, atapongezwa. Katika mazingira hayo, kufunga chumba ndiyo busara, na hakuna semina itakayombadilisha. Ndiyo maana naomba agizo kutoka kwako, wala si hamasa. Waraka useme wazi kwamba uchakavu wa kawaida unaotokana na matumizi haumpi mkuu wa shule hatia, na kwamba ukaguzi utauliza pia chumba kimefunguliwa kwa saa ngapi katika mwezi. Daftari la mahudhurio lenye jina, saa ya kuingia na namba ya mashine linatosha kumjua aliyevunja kibodi. Jambo moja likibadilika katika namna tunavyompima mkuu wa shule, mengine mengi yatafuata bila kusukumwa.

Ya pili ni nani atasimamia. Walimu wetu wana mzigo wa kutosha, na sipendekezi waongezewe jioni zao bila malipo. Msimamizi wa chumba hahitaji kuwa bingwa wa programu. Anahitaji kuwa mwaminifu, ajue kuwasha na kuzima, na aweze kutunza daftari. Kijana wa kata aliyehitimu chuo na asiye na kazi anaweza kufanya hivyo kwa posho, na halmashauri inaweza kuilipa kutoka mapato yake ya ndani. Tayari kila halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vijana, jambo jema. Lakini mkopo humfaa aliye na ujuzi wa kuufanyia kazi. Chumba kilicho wazi kinamfikia kijana kabla hajawa na ujuzi huo.

Kuhusu umeme sitasema mengi, kwa kuwa hesabu yake ni fupi. Kompyuta za mezani kumi, kila moja ikila wati 100, kwa saa tatu za jioni zinakula uniti tatu za Luku, yaani takriban shilingi elfu moja.

Wengine watasema simu inatosha, maana kila kijana anayo. Si kila kijana anayo simu janja, na bando lina bei. Ila hata angekuwa nayo, simu ni nzuri kwa kusoma na kutazama mafunzo, si kwa kuandika. Programu yenye mistari mia mbili haifuatiliki kwenye kioo cha upana wa kiganja, huku kibodi ya kidole ikiwa imefunika nusu yake. Uingereza ilishaonja tatizo linalofanana na hili. Katika miaka ya 1980 serikali yake ilisaidia shule kununua kompyuta ya BBC Micro, ambayo ukiiwasha tu ilikuwa tayari kupokea programu yako. Kampuni iliyoitengeneza, Acorn, ndiyo iliyozaa ubunifu wa ARM, ambao leo umo ndani ya karibu kila simu janja duniani. Kisha nyumba zikajaa vifaa vya kuchezea michezo na kompyuta zilizofungwa, na Eben Upton wa Cambridge akaona kwamba waombaji wa kusoma sayansi ya kompyuta wanapungua na wanakuja na uzoefu mdogo kuliko watangulizi wao. Jibu lake na wenzake lilikuwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu iliyotoka mwaka 2012. Kifaa kikiwepo bila nafasi ya kukiamuru, kinazalisha watumiaji tu.

Hoja nzito kuliko zote ni ya akili unde. Kwa nini tumfundishe kijana kuandika programu ikiwa mashine sasa zinaziandika zenyewe? Sipuuzi swali hili, maana kazi nyingi ndogondogo za anayeanza kweli zinabadilika. Lakini mashine hizo hutoa programu zinazoonekana sahihi hata pale zisipokuwa sahihi, na asiyewahi kuhangaika na jibu potofu kwa mikono yake hana namna ya kuligundua. Ofisi yako inalijua hili kwa vitendo. Hospitali nyingi za umma zinatunza kumbukumbu za wagonjwa kwa mfumo wa GoTHoMIS, leseni za biashara za halmashauri hutolewa kupitia Tausi, na ununuzi wa umma tangu mwaka 2023 unapita kwenye NeST, mifumo iliyojengwa na wataalamu wa Kitanzania. Kosa katika mfumo wa dawa au wa ushuru lazima limpate mtu anayeweza kulisoma. Wataalamu hao watastaafu, na watakaowarithi wanapaswa kuanza mahali fulani.

Nimebakiza suala la wasichana, na silitaji kwa adabu tu. Chumba kikifunguliwa jioni peke yake, kitajaa wavulana. Msichana ana kazi za nyumbani saa hizo, na mzazi hatamruhusu arudi gizani, wala si haki kumlaumu. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi na mchana wa likizo ziwe saa za lazima ndani ya waraka, zisiachwe kwa hiari ya shule, na baadhi ya mashine zitengwe kwa ajili yao hata kama wavulana wamepanga foleni nje.

Sidai shule zote kwa siku moja. Zianze zenye mashine kumi zinazowaka, na kila halmashauri ichapishe orodha ya shule hizo na saa zao kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, ili vijana wajue wapi pa kwenda bila kumfahamu mtu. Naomba waraka huo utoke mapema, uwafikie wakuu wa shule kabla ya Novemba, ili watahiniwa wa kidato cha nne wakimaliza karatasi ya mwisho wakute chumba kimeshapata msimamizi na daftari limeshafunguliwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi