Mgema aliyelitia tembo maji akasifiwa

Wahenga walituachia onyo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walikusudia kutufunza kuwa sifa hulevya kabla ya tembo lenyewe, na kwamba fundi aliyezoea kusifiwa huanza kuipuuza kazi yake. Huko Marekani, hata hivyo, methali hii imegeuzwa miguu juu kichwa chini. Mgema wa huko alilitia tembo maji kwanza, akalipa jina la kupendeza, ndipo akasifiwa, na sifa hizo zikamtajirisha. Nazungumzia bia ile inayoitwa 'light', ambayo siku hizi inapatikana hata katika mabaa yetu, na ambayo baadhi ya vijana wa vyuo huiagiza wakiamini kuwa ni pombe isiyolevya sana.

Mimi si mtengenezaji wa pombe wala si mhubiri. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Lakini mintarafu ya bia hii, naona tatizo kubwa haliko katika chupa bali katika neno lililobandikwa juu yake, na maneno ndiyo shamba langu.

Kwanza tuangalie asili yake. Mnamo mwaka 1967, kiwanda cha Rheingold cha New York kilitoa bia iliyoitwa Gablinger's, iliyobuniwa na mwanakemia Joseph Owades. Ilitangazwa kuwa bia ya watu wanaochunga unene, na wanywaji wakaipa kisogo. Ufundi huo ulifika kwa kampuni ya Meister Brau ya Chicago, na mwaka 1972 kampuni ya Miller ikanunua jina la bia hiyo. Ilipofika mwaka 1975, Miller iliisambaza kote Marekani kwa jina la Lite. Safari hii matangazo hayakutaja unene. Wanamichezo wastaafu, watu wenye vifua vipana, walionyeshwa wakibishana: huyu akidai uzuri wake ni ladha, yule akidai ni kuwa haijazi tumbo. Bia ikanunuliwa mno, na mwaka 1982 washindani wao wakatoa Bud Light. Kinywaji kilikuwa cha aina ile ile iliyokataliwa mwaka 1967. Kilichobadilika ni maelezo.

Je, ladha yake ikoje? Ili tujibu hatuna budi kujua inavyopikwa. Bia ya kawaida hutokana na shayiri iliyooteshwa ikawa kimea, pamoja na maji, hamira, na hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu wake. Vimeng'enya vilivyomo katika kimea huvunja wanga na kuufanya sukari, kisha hamira hula sukari hiyo na kutoa alkoholi. Lakini si wanga wote unaovunjika hadi mwisho. Husalia vipande ambavyo hamira haiviwezi, na wataalamu huviita dekstrini. Hivyo ndivyo huipa bia uzito mdomoni, ule utofauti tunaousikia kati ya uji mzito na uji mwepesi. Mbinu ya Owades ilikuwa kuongeza kimeng'enya cha kuvunja hata vipande hivyo, hamira ikala kila kitu, kisha bia ikazimuliwa kwa maji hadi ifikie kiwango kinachotakiwa.

Kwa hivyo, kilichopunguzwa zaidi katika bia hii ni utamu, uchungu na uzito wa kinywaji. Kiswahili kina neno la ladha kama hiyo, na sioni kwa nini tulionee haya: ni ladha chapwa.

Hata hivyo, sitaki kumwonea mgema. Uchapwa wa ladha si ushahidi wa ubovu wa kazi. Kuongeza maji kwenyewe si dhambi, kwani viwanda vingi hupika hata bia za kawaida zikiwa kali kisha huzizimua. Fauka ya hayo, bia chapwa ni ngumu kuipika vizuri, kwa sababu haina kitu cha kufichia kasoro. Doa huonekana upesi zaidi kwenye kanzu nyeupe kuliko kwenye shuka la marinda meusi. Mpishi anayeweza kutoa mamilioni ya chupa zenye ladha moja, bila harufu mbaya, ni fundi hodari. Basi tutenganishe mambo mawili: ladha ni hukumu ya ulimi wa kila mmoja, ilhali ubora ni uaminifu wa kitu kwa kile kilichoahidiwa. Swali linalobaki ni hili: neno 'light' linaahidi nini?

Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu neno hilo walitafsiri. Wengine waliandika 'bia nyepesi', wengine 'bia hafifu', na mmoja akaandika 'bia isiyo kali'. Niliwauliza maana ya jibu hilo la tatu, na darasa zima likakubaliana nalo: ni bia yenye kileo kidogo. Hapo ndipo mtego ulipo. Marekani, neno hilo kwenye chupa ya bia huhusu kalori. Australia, bia inayoitwa hivyo huwa na alkoholi ya asilimia 2 hadi 3 hivi, yaani huko neno huhusu kileo chenyewe. Neno moja, lugha moja, biashara moja, na maana mbili zisizooana. Msomaji wa Nairobi au Eldoret ataelewa maana ipi?

Tupige hesabu. Miller Lite na Bud Light zina alkoholi ya asilimia 4.2. Budweiser ya kawaida ina asilimia 5. Chupa yao ni ya mililita 355. Chupa moja ya bia 'nyepesi' ina takriban mililita 14.9 za alkoholi, na ile ya kawaida ina takriban 17.8. Anayekunywa sita nyepesi amekunywa mililita 89 na ushei. Anayekunywa tano za kawaida hafikishi 89. Sita nyepesi zimezishinda tano nzito! Na Tusker yetu ya kawaida, ambayo hakuna aliyewahi kuiita nyepesi, nayo ina asilimia 4.2, sawasawa na hizo za Marekani.

Hata katika kalori zenyewe mna jambo. Chupa ya Miller Lite ina kalori 96. Gramu moja ya alkoholi hutoa kalori 7, na chupa hiyo ina karibu gramu 12 za alkoholi. Maana yake ni kwamba kalori 80 na zaidi kati ya hizo 96 ni za alkoholi tupu. Kilichoondolewa ni chakula. Kilichoachwa ni kileo.

Ajabu ni kwamba suala la neno hili liliwahi kufika mahakamani. Miller walitaka Lite iwe mali yao peke yao, kwa kuwa wao ndio walioinunua tahajia hiyo. Mwaka 1977 mahakama ya rufani iliyoko Chicago iliwakatalia. Ilisema kuwa 'light' ni neno la kawaida la kueleza aina ya bia, na kuliendeleza vibaya hakumpi mtu umiliki wa neno la umma. Mwanaisimu yeyote angeipongeza hukumu hiyo. Sauti ikiwa ile ile na maana ikiwa ile ile, neno ni lile lile. Lakini mahakama iliamua nani alitumie neno. Haikutakiwa kuamua kama mnywaji analielewa.

Nasi tukilitohoa neno hilo kwa matamshi yetu, tunapata 'laiti'. Waama, Kiswahili kina mzaha wake. Laiti ni neno la majuto, la kusemwa jambo likishaharibika: laiti ningalijua, laiti nisingalipanda gari lile.

Napendekeza nini basi? Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili: neno kama hili likijitokeza darasani, msikimbilie kamusi kabla ya kuuliza wepesi ni wa nini. Ni wa ladha, wa kalori, au wa kileo? Kwa Kiswahili sahihi, kinywaji hiki cha Marekani ni bia ya kalori chache. Jina hilo halina mvuto wa tangazo, lakini halimdanganyi mtu. Kwa walimu wa hesabu: chupa ni mfano mzuri wa asilimia kuliko mingi iliyomo vitabuni.

Na kwa wanafunzi: sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 haikutenga wepesi na uzito. Kileo chochote ni marufuku kuuziwa mtu wa chini ya miaka 18. Aliyevuka umri huo na akaamua kunywa ana uhuru wake, na wala simchagulii ladha. Namwomba jambo moja tu, ambalo ndilo tunalomfundishia kusoma tangu darasa la kwanza: aipite ile herufi kubwa ya jina, aisome ile tarakimu ndogo ya asilimia iliyoandikwa kando, kisha azidishe kwa idadi ya chupa zilizo mezani.